Jiko Lisilowaka

Gachoka,
Februari 11, 2025

Wifi Winrose,

Usiichane kwanza. Isome hadi mwisho, halafu ukitaka kuiwashia moto, iwashe.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu tumeigeuza panga. Unakumbuka siku ya kumbukumbu ya marehemu Njagi, ndugu yangu na mume wako, ulivyonitukana kwenye simu nami nikakurudishia, na kwaya nzima inasikia? Mchungaji Gachoki amesema tukitaka kuzungumza tena tuandikiane, kwamba hasira ikipitia kwenye kalamu hufika imechoka. Na wewe namba yangu ulishaifungia. Kwa hivyo barua nampa Kobia, mpangaji wako mwenye pikapu, anayetuletea viazi vya Kibirichia na kurudi Meru na ndengu zetu.

Sizunguki. Najenga nyumba yangu. Naijenga pale pale ilipokuwa yenu, maana ndipo penye kiwanja kilichosawazishwa. Joto la huku unalijua, ulilala ndani yake. Fundi Kivuti anasema feni mbili zinatosha. Muuza vifaa wa Embu mjini anasema bila kiyoyozi ninapoteza wakati, na hicho kiyoyozi naambiwa kinakula tokeni za stima kama mbuzi aliyeingia kwenye maharagwe. Kila mtu anavutia kwake. Kobia anasema hosteli zako hapo Nchiru wanafunzi wanazigombania, kwamba hata jua likiwa kali vyumba vyako vina ubaridi na feni hakuna.

Basi niambie. Madirisha yaelekee wapi? Bati liwe la rangi gani? Dari iwepo au ni hasara tu? Ule mti wa mukau ulio upande wa Mwea niuache au niukate? Na kiyoyozi, ninunue?

Najua yaliyopita, na sikuandikii ili niyafukue. Mchungaji anasema mahali pa kuanzia ni kuombana kitu kidogo. Mimi nimeomba.

Wako,
Wanjira


Nchiru,
Februari 18, 2025

Wifi mpenzi Wanjira,

Niichane kwa nini? Barua yako nimeitia ndani ya Biblia, karibu na Zaburi ninayoipenda. Mungu hujibu maombi kwa njia asizozijua mtu. Mimi nimekuwa nikiomba siku moja uniulize jambo, na sasa umeniuliza.

Nyumba ni macho, wifi. Madirisha yako makubwa yote yaelekeze Mwea. Jioni utakaa kitini uone jua likizama kule kwenye mashamba ya mpunga, na upepo wa jioni utakuingilia moja kwa moja. Tumia vioo vipana, visivyo na kivuli juu, kwa sababu veranda huziba mwanga na kukusanya nyuki. Bati chukua la rangi ya makaa, jeusi jeusi, ndilo la kisasa na halionyeshi uchafu. Paa liwe chini. Paa la juu linaliwa na upepo wa Agosti. Dari usijisumbue nayo, dari ni hosteli ya panya, wapangaji wasiolipa. Na matundu ya hewa ambayo mafundi hupenda kutoboa juu ya kuta, mwambie Kivuti ayazibe yote, yanaingiza popo.

Mukau ukate. Mizizi yake itapasua msingi, na kivuli chake kitakuzuia kuona hilo jua. Ukishaukata, mwaga saruji uani kote, usibakize hata nyasi. Vumbi litakwisha na utafagia kwa raha.

Kiyoyozi nunua, tena kikubwa kuliko vyote dukani. Nyumba ikijengwa hivyo nilivyokueleza kitafanya kazi yake mchana kutwa bila kupumzika, na utajua pesa zako zimekwenda wapi.

Nifuate neno kwa neno na utanikumbuka kila siku ya maisha yako. Msalimie Mchungaji.

Akupendaye,
Winrose Kananu


Nchiru,
Februari 18, 2025

Dada Felicitas,

Tangu masikio yako yagome kusikia simu sisi ni watu wa barua, na leo nashukuru, kwa sababu hili ninalotaka kukwambia ni tamu na nataka ulisome polepole.

Wanjira ameniandikia! Wanjira yule. Anataka nimshauri jinsi ya kujenga nyumba ya ubaridi huko Gachoka. Na mimi nimemshauri. Nimemchorea tanuri, dada, tanuri kamili, amebakisha kuingia ndani na kugeuzwa upande wa pili.

Wewe ni mtu wa Kibirichia, huko kwenu shida ni kutoa baridi, kwa hivyo ngoja nikueleze. Nyumba ya nchi ya joto hunyimwa madirisha upande wa macheo na wa machweo, yakawekwa kaskazini na kusini ili jua lipite juu bila kuingia. Mimi nimemwambia ayaelekeze Mwea. Kuanzia saa nane mchana jua litaingia likae naye kama mgeni asiyejua kuaga. Bati jeupe hurudisha joto juu, jeusi hulimeza na kulitema ndani. Nimempa jeusi, tena paa la chini lisilo na dari, na matundu ya juu ambayo hewa moto ingetokea nimemzibia. Mti wa kivuli nimeukata. Uani nimemwaga saruji, itakayotunza joto na kumpulizia mpaka anapolala. Na kiyoyozi ndani ya nyumba ya aina hiyo ni kama kuteka maji kwa kikapu. Hayo yote niliyajua kwa kuumia mwenyewe. Hosteli yangu ya kwanza niliijenga vibaya na wanafunzi wakahama wote.

Usianze kuniambia kuhusu kusamehe. Wewe hukuwepo. Kaburi la Njagi lilikuwa bado na maua Wanjira alipokuja na vijana wenye nyundo, wakapanda juu ya nyumba yangu wakang'oa bati moja baada ya jingine mimi nikiwa ndani, nimekaa kitandani na nguo nyeusi. Eti mabati ni ya ndugu yao, na mimi sikumzalia. Unajua alisema nini, amesimama mlangoni, majirani wote wanasikia? "Ndugu yetu alipata jiko lisilowaka. Jiko lisilowaka linaezekewa ya nini?" Watu wakacheka. Mtu akioa tunasema amepata jiko, na mimi nimelitumia neno hilo mwenyewe kwenye harusi za watu, lakini tangu siku hiyo nikilisikia huinuka nikaondoka. Halafu mvua ikanyesha.

Mama Ruguru, mama yao, peke yake ndiye aliyetoka. Hakuweza kuwazuia, nani alimsikiliza? Alinivisha blanketi lake mabegani, lile la kijivu lenye mistari miwili myekundu, akasema, "Mwanangu, baridi isikupate." Blanketi hilo ninalo hadi leo. Nashukuru kwamba mama huyo siku hizi anaishi Manyatta kwa mwanawe mkubwa, maana tanuri hili si lake. Yeye ningemjengea kasri.

Wanjira aliniacha juani na mvuani. Na apikike. Dawa ya moto ni moto.

Mdogo wako,
Kananu


Kibirichia,
Februari 24, 2025

Mdogo wangu Kananu,

Nimesoma. Nimecheka kwenye ule mfano wa mgeni asiyejua kuaga, sikatai, halafu nikajilaumu kwa kucheka.

Dawa ya moto ni maji. Ule mwingine ni msemo wa watu ambao nyumba yao haijawahi kuungua. Nilifundisha darasani miaka mingi na ninajua mtoto anayekasirika kwa haki ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu huwezi kumwambia hana haki. Unayo. Wanjira alikutenda unyama. Lakini nyumba si tusi, Kananu. Tusi husemwa likaisha. Nyumba hukaa, na hujui nani ataingia kulala ndani yake.

Mwandikie barua ya pili umwambie ukweli, kabla fundi hajaanza msingi.

Huku baridi imeshika. Kobia akipita nitumie ile karatasi ya kuziba chini ya mlango uliyoniahidi.

Dadako,
Felicitas


Gachoka,
Mei 20, 2025

Wifi Winrose,

Ulinyamaza, nami nikanyamaza nikijenga. Sasa nyumba imekwisha na ni haki yako kujua.

Kila neno lako nililichukua kwa uzito. Nilikaa na barua yako pale kiwanjani, namsomea Kivuti mstari kwa mstari, na kila mstari ulituonyesha la kufanya. Bila wewe ningekosea. Watu wanakuja kuitazama na wanauliza nani alinishauri, nami nawaambia ni wifi yangu wa Nchiru, anayenitakia mema kama ninavyomjua.

Kuna jambo sikukwambia Februari. Nilisema nyumba ni yangu. Si yangu, ni ya Mama. Ubaridi wa Manyatta ulimkamata kifua, na akiletwa huku kwenye chumba changu cha bati presha inampanda, miguu inavimba hadi viatu vinakataa. Daktari alisema atafutiwe mahali pasipo joto kali wala baridi kali, la sivyo tusimlaumu. Sikutaka kulitaja jina lake kwako. Niliona nikimtaja itakuwa kama ninamtumia kukulazimisha, na mimi kukupigia magoti sijafika.

Amehamia Jumapili. Mchungaji Gachoki aliombea mlango. Mama anauliza habari zako kila siku, anakuita "yule mtoto wangu wa Meru".

Wako,
Wanjira


Nchiru,
Mei 27, 2025

Dada Felicitas,

Ulisema sijui nani ataingia kulala ndani. Ni Mama Ruguru. Nyumba ni ya Mama Ruguru.

Nilipofika kwenye mstari huo nilikaa chini pale pale getini, juu ya mfuko wa saruji, na wanafunzi wakapita wananiamkia. Nikamwona huyo mama amelala chini ya bati jeusi, madirisha yanaangalia Mwea, matundu yamezibwa, na mimi ndiye niliyeyaziba. Nikamkimbilia Kobia kabla hajazima gari. Nikamuuliza kama ameiona nyumba ya Wanjira.

"Nimeiona vizuri, Madam. Si mimi hushusha viazi hapo? Hiyo nyumba iko sawa kabisa."

"Sawa namna gani? Bati ni la rangi gani?"

"Ni nyeupe. Ukiiangalia saa sita inakuumiza macho. Na imeinuliwa juu, iko na dari, iko na matundu huko juu ya hewa kutoka."

"Madirisha?"

"Dirisha ziko upande wa mlima na ule upande mwingine. Ya kuangalia Mwea hakuna hata moja, huko ni ukuta tu."

"Na mukau umekatwa?"

"Nani akate? Wameongeza miti mingine. Mimi nikimaliza kushusha huwa nalala hapo veranda kidogo, ni kama uko ndani ya friji. Na ile mashine ya kupuliza baridi hawakununua. Wanjira alisema hiyo ni ya mtu ameshauriwa na adui."

Umeelewa, dada? Alifanya kinyume! Kila neno nililoandika aliligeuza. Nilimwambia magharibi akaenda kaskazini, nikamwambia nyeusi akapaka nyeupe. "Kila mstari ulituonyesha la kufanya", ameniandikia hivyo kwa mkono wake, na mimi nikasoma kama mjinga. Nilimtumia sumu, akaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, ikawa dawa.

Kwa ajili ya Mama Ruguru nilishukuru Mungu, nikalia kidogo. Kisha nikakasirika. Ananijua kiasi hicho! Ameketi kwenye veranda ya ujuzi wangu, ananicheka, na nyumba nzuri kuliko zote Gachoka imejengwa kwa chuki yangu bila hata kuniambia asante. Sitamwambia kwamba najua. Silaha ambayo adui hajui unayo ndiyo silaha.

Kananu


Kibirichia,
Juni 3, 2025

Kananu,

Mungu amekuokoa na wewe mwenyewe, na badala ya kushukuru unatafuta silaha.

Ifungulie namba yake. Mwambie, "Najua ulifanya kinyume, na ulifanya vyema." Mtacheka wote wawili, na itakuwa imekwisha. Siku mtu akiacha kukuamini ukisema kweli, hata kuomba maji utashindwa.

Felicitas


Gachoka,
Julai 8, 2025

Wifi,

Nahitaji jibu upesi. Kobia analala Nchiru leo, kesho kutwa anarudi huku.

Mwaka huu baridi imeshuka hadi kwetu. Mawingu hayaondoki, ni manyunyu asubuhi hadi jioni. Nyumba ambayo Januari ingekuwa mbingu sasa imekuwa baridi kama kisima, na Mama anatetemeka usiku kucha. Kifua kimeanza tena. Presha iko sawa, ila kifua kinalia.

Majirani wanasema tumwekee jiko la makaa chumbani. Sisi watu wa huku jiko ni la nje, chini ya mti, hatujui mambo ya kulala nalo. Wewe umezaliwa kwenye baridi. Nyinyi watu wa mlimani hujipashaje moto? Tuweke jiko au tusiweke? Madirisha tufunge yote? Na chupa ya maji moto, ni nzuri kwa mzee?

Niambie kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Wanjira


Nchiru,
Julai 9, 2025

Wifi mpenzi Wanjira,

Nashukuru kwamba kwenye shida bado unanikumbuka. Kama ule ushauri wa Februari ulivyokufaa, huu nao ufuate neno kwa neno.

Jiko la makaa ndilo jibu. Liwashe vizuri, liingize chumbani kwa Mama na uliweke karibu na kitanda, usiku kucha. Funga madirisha yote na mlango. Yale matundu ya juu yazibe kwa matambara, usiache hewa ya nje ipite hata kidogo, hiyo ndiyo inayomletea kifua. Chupa ya maji moto usimpe kabisa, itapasuka imchome. Na mchana mapazia ya upande wa mlima yasifunguliwe, jua la Julai ni la uongo, halina joto.

Uliwahi kusema jambo kuhusu jiko lisilowaka. Sijalisahau. Basi washa hilo lako uone linavyofanya kazi.

Akupendaye siku zote,
Winrose Kananu


Nchiru,
Julai 14, 2025

Dada,

Usishtuke, nimepata njia. Wanjira aliuliza kama amwekee Mama Ruguru jiko la makaa chumbani. Wewe unajua na mimi najua, kila mtu wa Kibirichia anajua, jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila moshi wala harufu. Si tuliwazika wale majirani zetu wa kule juu? Lakini ningemwambia, "Usiweke jiko," angefanya nini? Angeliweka. Angefunga na madirisha. Amezoea kunigeuza, na amefaidika kwa kunigeuza.

Kwa hivyo nimemwandikia uongo, kwa utamu ule ule wa Februari ili aunuse. Nimemwambia aingize jiko, afunge kila kitu, mama asipewe chupa ya maji moto, pazia la kaskazini lisifunguliwe. Akigeuza yote hayo, Mama Ruguru atalala salama, na mchana jua la Julai, linaloegemea kaskazini, litamfikia kitandani. Nimemwokoa kwa kumchukia binti yake, dada. Na nimemchoma Wanjira na lile neno lake, sikuweza kujizuia.

Halafu nikamtumia Mama lile blanketi lake, la kijivu lenye mistari miwili myekundu. Nililifua, nikalikausha juani, barua nikaikunja ndani yake. Mwenyewe alisema baridi isinipate, na sasa ni zamu yake.

Usiku nilipata usingizi mzuri ambao sijaupata muda mrefu.

Kananu


Kibirichia,
Julai 15, 2025

Kananu,

Sikumngoja Kobia. Naipeleka barua hii mwenyewe hadi stendi ya Meru nimpe dereva wa Nchiru, na nitamlipa asiisahau mfukoni.

Kwa nini ulitia blanketi?

Wanjira alikuwepo siku ile. Alimwona mamake akikuvisha. Akilifungua atalijua, na ndani yake atakuta barua. Umemtumia uongo uliofungwa ndani ya ukweli. Ataamini kipi?

Fungulia namba yake. Mpigie sasa hivi, umwambie kila kitu, hata ya Februari. Aibu haiui mtu.

Felicitas


Embu mjini,
Julai 17, 2025

Winrose,

Simu zako nimeziona. Ulipiga, ukapiga tena, hadi chaji ikaisha. Sikushika kwa sababu mikono ilikuwa imemshika Mama. Na sasa sitaki kushika. Tuandikiane tu, kama alivyosema Mchungaji.

Kuna jambo hulijui, nami nitakwambia. Barua yako ya Februari sikuifuata hata neno moja. Niliifungua nikaona "wifi mpenzi", nikajua. Tangu uolewe kwetu hukuwahi kuniita mpenzi. Nikamwambia Kivuti, chochote alichoandika huyu tugeuze, na nyumba ikatoka nzuri, na kila nikikaa verandani nilikuwa nakucheka.

Barua ya jiko ilipokuja nilijua cha kufanya. Niliona tena "mpenzi". Nilikuwa nimeshampigia mtu simu alete chupa ya maji moto kutoka Embu. Halafu nikalikunjua blanketi lote, maana nilikuwa nimevuta barua tu kutoka kwenye mkunjo, nikaona ile mistari miwili. Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Mama akikuvisha, na nilimkasirikia yeye kuliko wewe. Nilikaa chini nalo. Lilikuwa linanukia sabuni na jua. Nikasema, mtu aliyelitunza hili miaka yote hii akalifua akalirudisha, hawezi kukunja uongo ndani yake. Nikaona nimekuwa nikikudharau bure. Niliirudia barua, nikaisoma upya kama barua ya dada, hata pale kwenye jiko lisilowaka nikasema ana haki, na akae na haki yake.

Nikafanya ulivyosema. Yale matundu ya juu, niliyoyatoboa ili nikukomoe, nikayaziba kwa mikono yangu. Nikafunga madirisha. Jiko nikaliwasha nje hadi likawa jekundu, nikaliingiza, nikamfunika na blanketi lako. Alifurahi. Alisema, "Ni la Kananu?" nikamwambia ndiyo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kukutii.

Asubuhi hakuitika. Kivuti alivunja dirisha.

Yuko hai. Amewekewa hewa ya mtungi, na jana alifumbua macho. Mkono wa kushoto hauinuki, na mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Daktari anasema mengine yatarudi na mengine hayatarudi. Kitu cha kwanza alichouliza akili zilipomrudia kidogo ni nani aliingiza jiko. Sikujua la kumwambia, nikamsomea barua yako. Akaniambia nisome tena. Nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho, ya jiko langu, alinizuia kwa mkono ulio mzima.

Nilikuita jiko lisilowaka na neno hilo limenirudia, siwezi kukulaumu kwa hilo. Umelipiza. Wewe na mimi tumemalizana, usinipigie. Najua utaandika kwamba hukukusudia, kwamba ulijua nitageuza, na pengine ni kweli. Lakini mimi sijui tena nikusome kutoka upande gani.

Blanketi amekataa kufunikwa nalo. Kobia atakuletea. Na amesema niandike maneno yake kama yalivyo, nisiongeze langu:

"Kananu mwanangu, mimi sikung'oa bati lako hata moja."

Wanjira